Hiyo Bloki ya 150 Itakushusha Vibaya

Kama pikipiki yako ni ya cc 125 na fundi amekwambia ataigeuza 150 kwa jioni moja, usimwachie ufunguo. Kama ulishamwachia na kazi imekwisha, usiipandishe mlimani kesho, na zaidi ya hapo usiiteremshe ukiwa na abiria nyuma. Mambo ya namna hii hayahitaji redio ili yasambae. Kijana mmoja akionekana anapandisha kwenda Mbaga na mzigo mkubwa bila kurudi gia namba moja, kufikia jioni kijiwe kizima pale Same kinauliza amefungiwa na nani. Kesho yake wa Makanya na Hedaru nao wanauliza. Ndiyo maana naandika sasa, kabla mvua hazijalainisha barabara za juu.

Kiu ya bloki kubwa naielewa. Mji wa Same uko karibu mita 860 juu ya usawa wa bahari, kwenye joto na vumbi. Abiria anataka Mbaga, Vudee, Suji au Chome, huko ambako nyumba zimepanda hadi mita 1,500 na kuzidi, na nyuma yake Shengena inasimama kwa mita 2,462. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Pikipiki yenye nguvu za farasi 11 ikiwa Dar es Salaam, ikifika vijiji vya juu imebaki na 9 na ushee. Ongeza mfuko wa saruji, bando la mabati, au mama na watoto wake wawili waliopangwa mishikaki, na utaelewa kwa nini dereva analia kwamba chombo chake hakina pumzi.

Basi fundi anamwambia: spea zinaingiliana. Toa bloki na pistoni ya 125, weka ya 150, injini ni ile ile. Na hapa ndipo uongo unapoanza, maana una ukweli ndani yake.

Pikipiki nyingi za Kichina tulizozizoea, SanLG na wenzake, injini zao zimenakiliwa kutoka Honda CG125, ambayo Honda iliitoa mwaka 1976. Waliibuni kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa kupita kiasi na oili inabadilishwa mtu anapokumbuka. Waliacha cheni ya kamu wakatumia fimbo za kusukuma valvu, ili kusiwe na cheni ya kulegea. Ni injini yenye uvumilivu wa punda. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5 kwenda juu na kurudi chini. Ipo 150 ya ukoo huo huo ambayo pistoni yake ni milimita 62, na mwendo wake ni ule ule wa 49.5. Kwa hiyo, ndiyo, kwa karatasi bloki ile inaweza kukaa juu ya krankshafti ya 125. Fundi hajaota ndoto.

Lakini 150 si moja. Ipo nyingine ya Kichina yenye pistoni ya milimita 57.3 na mwendo wa 57.8, hii ni 150 kwa urefu, ile ya 62 ni 150 kwa upana. Boxer ya 150 ina pistoni ya milimita 56 tu, nyembamba kuliko ya CG125, lakini inatembea milimita 58.8. Mtu anayenunua boksi dukani kwa kusoma namba 150 juu ya kifuniko hajui alichonunua. Akichanganya bloki ya mwendo mrefu na krankshafti ya mwendo mfupi, pistoni haifiki juu na injini inakuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa. Akigeuza mchanganyiko, pistoni inaweza kupiga hedi siku ya kwanza.

Kuna njia ya kujua, na inashangaza ni madereva wangapi hawajawahi kuitazama. Inama upande wa injini, futa oili na vumbi penye namba ya injini. Utaona herufi kama 156FMI. Tarakimu ya kwanza inasema silinda ni moja. 56 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. F ni kwamba inapozwa na upepo, M ni pikipiki, na I ni daraja la cc 125. Ikiandikwa 162FMJ, hiyo ni 150 ya pistoni ya 62. Ikiwa 157FMJ, ni 150 ya mwendo mrefu. 163FML ni cc 200. Fundi asiyeweza kukusomea maandishi hayo kwenye injini yako mwenyewe hafai kuifungua.

Sasa tazama kazi yenyewe. Bloki ya 62 ina mkono mnene unaoingia ndani ya kasha la injini, na mdomo wa kasha la 125 ni mdogo kwake. Lazima mdomo uchongwe. Kazi hiyo inataka injini ishushwe, kasha lipasuliwe vipande viwili, krankshafti itolewe, kasha lipelekwe kwa mchongaji mwenye leti, lioshwe, lifungwe upya kwa gasketi mpya. Hiyo si kazi ya jioni moja wala si ya bei ya kijiweni. Kinachofanyika ni kwamba injini inabaki kwenye fremu, kitambaa kinasokomezwa ndani ya mdomo kuizunguka konrodi, na jiwe la grainda linaanza kula alumini. Unga wa kung'aa unaruka kila upande. Kitambaa kinatolewa, mdomo unapulizwa kwa pumzi ya mtu, petroli kidogo inamwagwa, na bloki inashuka.

Unga uliopita pembeni ya kitambaa umeshafika kwenye bearing ya konrodi. Injini za ukoo wa CG hazina filta ya karatasi. Zina kichujio cha waya chini na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krankshafti kukusanya uchafu. Oili yenyewe ni kama lita moja, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, giaboksi na klachi. Alumini ya grainda inazunguka humo pamoja na unga wa sahani za klachi, ambazo nazo sasa zinateleza kwa kubebeshwa nguvu zisizokuwa zao. Na mdomo wenyewe umebaki na ukuta mwembamba karibu na stadi, pale panapobeba mkazo wote wa hedi. Hapo ndipo kasha litakapopasuka. Lisipopasuka litavuja, na oili ya injini ya pikipiki ikivuja mkiwa mwendoni huishia kwenye tairi la nyuma.

Hesabu nyingine wanaoisahau ni ya mgandamizo. Injini ya 125 yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 imebakiwa na nafasi ya takriban cc 15.5 juu ya pistoni. Ukiweka bloki ya cc 149 na kuiacha hedi ile ile, mgandamizo unapanda hadi karibu 10.6 kwa 1. Na petroli gani itachomwa humo? Ile ya chupa ya maji inayouzwa kando ya njia huko juu, ambayo hakuna anayejua imekaa juani tangu lini au imechanganywa na nini. Petroli duni kwenye mgandamizo mkubwa hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia kokoto ndani ya kopo kila unapovuta mafuta mlimani. Wengine wanaipenda sauti hiyo, wanasema injini imeamka. Ni juu ya pistoni panapoliwa.

Kabureta nayo ni ile ya zamani, mdomo wake ulipimwa kwa pistoni ndogo. Fundi akiirekebisha kwa kusikiliza akiwa juu mlimani, ambako hewa nyepesi inafanya mchanganyiko uwe umeshiba petroli, injini itanguruma vizuri. Ukiishusha mpaka Kisiwani hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, injini inachemka. Umeondoka na pikipiki nzima, umefika bondeni na pistoni iliyoanza kubabuka.

Yote haya, hata hivyo, yangeweza kuwa hasara ya mwenye pikipiki peke yake. Kinachonifanya niite hii tahadhari ni kushuka.

Kila anayefungiwa bloki hiyo anaijaribu kwenye kupanda. Anapanda, anafurahi, anarudi kumlipa fundi. Hakuna anayeijaribu kwenye kushuka, wakati uchumi wa Pare unashuka: tangawizi ya Mamba Miamba, ndizi, maharage, magimbi, vyote vinaanzia juu kwenda sokoni chini, kwenye magunia ya lumbesa yaliyofungwa mpira mpaka shingoni mwa dereva. Mgonjwa anayepelekwa hospitali naye anashuka. Injini imeongezewa ujazo kwa asilimia 20. Breki hazikuongezewa chochote. Ni zile zile za dramu, shuu zile zile, waya ule ule, vilivyopimwa kwa pikipiki ya 125 na mzigo wa 125. Na dereva aliyepanda na magunia mawili bila taabu hawezi kukubali kushuka na moja. Shuu zikishachemka kwenye mteremko mrefu wenye kona, zinashika kidogo kidogo, halafu hazishiki.

Mwenye uzoefu atasema: mimi sishuki kwa breki, nashuka kwa gia. Ni sawa kabisa, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini tazama kinachotokea ndani. Unaposhuka na gia namba mbili huku umeachia mafuta, gurudumu ndilo linaloizungusha injini, kwa kasi kubwa, bila mlipuko wowote wa kuisukuma pistoni irudi chini. Kila pistoni inapofika juu, konrodi ndiyo inayoivuta. Pistoni ya 62 ni nzito kuliko ya 56.5, na konrodi ile, bearing ile, na uzito wa kusawazisha uliomo kwenye krankshafti, vyote viliwekwa kwa ajili ya pistoni nyepesi. Kwa hiyo mahali pale ambapo dereva mzuri anaitegemea injini imwokoe ndipo injini iliyochongwa inapoteswa zaidi. Bearing ikinoki au pistoni ikikamata, injini inasimama ghafla, na gurudumu la nyuma linasimama nayo. Kwenye kona ya udongo mwekundu uliolowa, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, sihitaji kueleza zaidi.

Hapa nisimame niseme jambo moja kwa kila dereva, hata yule ambaye pikipiki yake haijaguswa. Vidole viwili vikae kwenye klachi muda wote wa kushuka. Injini ikikata au ukisikia gurudumu la nyuma linaburuzwa, vuta klachi papo hapo. Gurudumu litaachiwa na utaweza kuielekeza pikipiki. Halafu breki, ya mbele kwa upole na ya nyuma, uelekee upande wa mlima. Usijaribu kuiwasha tena ikiwa inashuka.

Siwadharau mafundi wetu. Milima hii imelea mafundi tangu zamani; Ugweno, huko Pare Kaskazini, ukoo wa Washana ulikuwa ukifua chuma kabla Wajerumani hawajafika, na majembe yao yalinunuliwa mpaka Uchagani. Wala mchezo wa kuchanganya injini haukuzaliwa Same. Kanada na Alaska kuna watu wanaochongea silinda ya modeli moja kwenye injini ya modeli nyingine ya pikipiki za theluji, kisha huenda nazo porini mwishoni mwa juma. Lakini hao wanaendesha kwa starehe yao. Wa kwetu anabeba mtu aliyelipa nauli ili afike.

Mtu huyo aliyelipa nauli hana habari ya karatasi. Kadi ya usajili ya TRA inataja namba ya injini na ujazo wake. Bima ya lazima ilikatwa kwa chombo kilichoandikwa kwenye kadi hiyo. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki zenye ujazo wa chini ya cc 125. Ukivuka hapo unatakiwa daraja A. Fundi aliyekufungia bloki jioni moja amekutoa kwenye kadi yako na huenda na kwenye leseni yako, na hakukwambia. Ikitokea ajali na injini ikafunguliwa kuchunguzwa, pistoni ya 62 ndani ya kasha lililoandikwa 156FMI inajieleza yenyewe, na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe.

Wale wa mkataba ndio wanaojifunga zaidi. Pikipiki bado ni ya tajiri mpaka hesabu ya mwisho ilipwe. Ukichonga kasha lake bila yeye kujua umeharibu mali ya mtu, na mkataba ule wa karatasi moja mlioandikishana unatosha kukunyang'anya chombo ulichobakiza miezi miwili kukimaliza. Matajiri nao wasijifanye hawamo. Anayedai hesabu ile ile kwa kijana wa mjini na kijana wa Chome, kwa pikipiki ile ile, ndiye anayempeleka yule wa Chome kwa fundi wa grainda.

Dawa ya mlima ipo, na ni ya bei ndogo. Sproketi ya mbele yenye meno 15 ukiweka ya 14, gurudumu linapata nguvu ya kupanda zaidi kwa asilimia 7. Ukiweka ya nyuma ya 42 badala ya 38, unapata zaidi ya asilimia 10. Utapoteza mwendo kwenye lami ya kwenda Mwanga, na nani alikutuma ukashindane na mabasi? Faida yake nyingine ni kwamba hata kushuka, injini inashika vizuri zaidi, bila kuguswa ndani. Kabla hata ya sproketi, pima nafasi ya valvu, safisha kichujio cha hewa ambacho kwa vumbi la Same huziba mapema, angalia ringi. Nyingi kati ya hizi 125 "zisizo na pumzi" zina valvu zilizobana na filta iliyojaa udongo. Na kama kweli kazi yako ni mizigo ya mlimani kila siku, nunua 150 iliyozaliwa 150, au funga injini nzima ya 162FMJ, uipeleke TRA ikaandikwe kwenye kadi, ukiikumbuka hesabu ya breki.

Abiria, unaweza kuigundua kabla hujapanda. Uliza cc ngapi, halafu angalia kama oili imelowanisha chini ya bloki, pale inapokutana na kasha, na kama kuna silikoni ya rangi iliyofurika pembeni. Injini ikiwa imewashwa tu, weka mguu kwenye kikanyagio: mtikiso wa kutia ganzi ni dalili ya pistoni isiyo na mizani. Dereva akisema kwa fahari kwamba imeongezwa, mshukuru, subiri inayofuata. Mama mjamzito na mgonjwa wasipandishwe humo kwa sababu yoyote ya haraka. Na anayenunua mtumba aivue plagi, amulike ndani, na amtafute fundi wa kupima kipenyo kabla hajahesabu pesa.

Kwa aliyekwisha kufunga: rudi kwa fundi leo, umdai bloki na pistoni yako ya zamani. Atasema alitupa, lakini bloki nzima ya 125 haitupwi, huuzwa, kwa hiyo mbane akwambie ilikokwenda. Kama mdomo wa kasha haukuguswa, rudisha vya zamani, mwaga oili yote, fungua kile kikombe cha krankshafti ukisafishe, weka oili mpya, uimwage tena baada ya safari chache fupi za tambarare. Kama mdomo ulichongwa, habari ni mbaya zaidi. Uso wa kukalia gasketi umeliwa, na bloki ya 125 ukiirudisha itavuja. Kinachotakiwa ni kasha jipya, na namba ya injini imegongwa kwenye kasha, hivyo nenda na risiti yake TRA kabla hujarudi barabarani. Mpaka hapo, pikipiki hiyo ibaki tambarare, bila abiria, na gia za chini ziwe za kuondokea tu.